Kadi Isiyo na T ya Kijani

Kadi zilikuwa nyeupe, na herufi zake zilichorwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa stensili na wino wa rangi. Kadi nyingine ilikuwa na herufi 1 peke yake, nyingine 5, nyingine 15, nyingine 30. Karibu zote zilikuwa herufi za aina mbili: T za kahawia na X za kijani, idadi ikigawanywa nusu kwa nusu kadiri ilivyowezekana, zikatawanywa jicho lisione mpangilio wowote. Mshiriki aliketi akachungulia ndani ya takistoskopu, chombo cha kumwonyesha mtu picha kwa muda uliopimwa barabara. Kadi ikatokea. Swali lilikuwa moja tu: humu kuna T ya kijani, au hakuna? Kama ipo, abonyeze kwa mkono aliouzoea. Kama haipo, abonyeze kwa mkono wa pili. Afanye haraka, ila asikosee. Saa ya milisekunde ilianza kuhesabu kadi ilipotokea, ikasimama kitufe kilipobonyezwa.

Basi. Kila kadi ilitoa namba moja, yaani muda, pamoja na alama ya kuonyesha kama jibu lilikuwa sahihi. Anne Treisman na Garry Gelade walichapisha matokeo hayo mwaka 1980 katika jarida la Cognitive Psychology, na tangu hapo anayeandika juu ya umakini wa binadamu ni lazima apite mlangoni mwao. Nadharia yao inafahamika sana vyuoni. Mimi kinachonivuta kila ninaporudi kwenye makala ile ni sehemu ya mbinu, zile kurasa ambazo wanafunzi huziruka wakikimbilia hitimisho. Humo ndimo unamoona ufundi: jinsi watu wawili walivyoipanga karatasi na wino hadi sekunde isiyofika moja ikatoa habari za jambo linalotendeka akilini mwa mtu bila mwenyewe kulijua.

Fikiria ugumu wenyewe. Ukimuuliza mtu ameionaje T ya kijani, atakwambia, "Nimeiona tu." Hana zaidi ya hapo. Kutafuta kwa macho ni kazi tunayoifanya tangu tunapoamka hadi tunapolala, na hatuna habari nayo. Kwa hiyo mtafiti hawezi kutegemea masimulizi ya mshiriki wake. Anabaki na muda tu, na muda peke yake ni bubu. Ukiambiwa kwamba mtu fulani amejibu kwa milisekunde 600, umejua nini? Humo ndani mna mwanga kufika kwenye retina, neva kusafirisha habari, akili kuamua, mkono kuamriwa, kidole kushuka. Vyote vimemwagwa ndani ya namba moja.

Wa kwanza kuutegua mtego huo vizuri alikuwa Franciscus Donders, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi. Mwanafunzi wake Johan Jacob de Jaager alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1865 jinsi walivyowapa washiriki mshtuko mdogo wa umeme kwenye mguu. Mara nyingine mshiriki aliambiwa mapema ni mguu upi utakaoguswa, mara nyingine hakuambiwa, na ilimbidi atofautishe kushoto na kulia kabla ya kujibu. Tofauti ya muda kati ya hali hizo mbili ilikuwa kama sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Donders aliona kwamba tofauti hiyo ndiyo yenye thamani, kwa kuwa ngozi ni ileile, neva ni zilezile na mkono ni uleule. Kilichoongezeka ni kule kuchagua. Ukiondoa muda mfupi kutoka kwenye muda mrefu, unabaki na muda wa kuchagua. Mwaka 1868 alichapisha makala yake juu ya kasi ya shughuli za akili, na jambo lililodhaniwa halipimiki likawa limepimika.

Njia ya kutoa ilikuwa na ufa, na ufa huo ulikuja kuonekana. Unapomwongezea mtu hatua moja ya kazi, una hakika gani kwamba hatua nyingine zimebaki kama zilivyokuwa? Pengine kazi nzima imegeuka. Miaka karibu mia moja ilipita kabla ya Saul Sternberg, aliyekuwa Bell Laboratories huko Marekani, kupata namna safi zaidi. Katika makala ya mwaka 1966 aliwapa washiriki tarakimu chache wazikumbuke, kuanzia 1 hadi 6, kisha akawaonyesha tarakimu moja: je, ilikuwamo? Hakuongeza aina mpya ya kazi. Aliongeza idadi tu. Kila tarakimu iliyozidi kwenye kumbukumbu ilirefusha jibu kwa milisekunde kama 38, na nukta zake kwenye grafu zilijipanga karibu kwenye mstari mnyoofu. Yale yote yasiyohusika, mwanga, neva, kidole, yalibaki chini, pale mstari unapoanzia. Mwinuko wa mstari ulibeba kile alichokitafuta, gharama ya kitu kimoja zaidi. Huo ndio werevu ambao Treisman na Gelade waliuhamishia kwenye macho.

Sasa turudi kwenye kadi.

Washiriki walewale walipewa maswali ya aina mbili. Katika swali la kwanza walitafuta T ya kijani. Katika la pili walitafuta herufi yoyote ya bluu, au herufi S ya rangi yoyote. Herufi za kubabaisha zilikuwa zilezile katika maswali yote mawili, T za kahawia na X za kijani. Hapa naomba msomaji atue kidogo, kwa maana fundi wa kawaida angetengeneza mabunda mawili tofauti kabisa, kisha matokeo yakitofautiana asijue tofauti imeletwa na nini. Wao walibadilisha swali huku msitu wa kutafutia ukibaki uleule. Bluu hupatikana kwa rangi peke yake, na S hupatikana kwa umbo peke yake. Lakini T ya kijani haiwezi kupatikana kwa rangi, kwa sababu X nazo ni za kijani, wala kwa umbo, kwa sababu T za kahawia zimejaa. Ni lazima rangi na umbo viunganishwe mahali pamoja.

Halafu kuna suala la mahali. Kama T ya kijani ingekuwa katikati mara nyingi kwenye kadi za herufi 5, na pembeni mara nyingi kwenye kadi za herufi 30, mstari wote ungekuwa uongo, kwa kuwa jicho huona vizuri zaidi katikati. Kwa hiyo waliweka juu ya kadi mchoro wa mistari miwili inayopishana kutoka kona hadi kona, pamoja na duara la yai ndani yake, wakapata maeneo manane. Kwa kila idadi ya herufi walitengeneza kadi nane zenye kinachotafutwa, kimoja katika kila eneo. Na kadi nyingine nane hazikuwa nacho.

Hizo nane za mwisho ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mtu asiyejua kazi hii angeziona kama za kujazia, za kumzuia mshiriki asibonyeze "ipo" tu bila kutazama. Kweli, hiyo ni kazi yake ya kwanza. Lakini tazama zilivyotoa ushahidi. Walipotafuta T ya kijani ikiwamo, kila herufi ya ziada iliwagharimu washiriki milisekunde 28.7. Ilipokuwa haimo, kila herufi ya ziada iliwagharimu milisekunde 67.1. Kwa nini "haipo" ilikuwa ghali zaidi ya mara mbili? Kama unapitia herufi moja moja na kusimama unapoipata unayoitaka, basi kwa wastani utaipata ukiwa umepitia nusu yake. Kusema haipo, ni lazima uzipitie zote. Moja kwa mbili ndiyo hesabu inayotarajiwa kwa mtu anayepitia vitu kimoja kimoja, na kadi isiyo na T ya kijani ndiyo iliyoifanya hesabu hiyo ionekane. Bila hiyo tungekuwa na mstari unaopanda, na mtu yeyote angeweza kuueleza atakavyo.

Kwa bluu na S habari ilikuwa nyingine. Zilipokuwamo, mstari ulikaribia kulala: herufi 30 hazikuchelewesha sana kuliko herufi 1. Kilichotafutwa kilijitokeza chenyewe, kana kwamba jicho halikuhitaji kutafuta. Washiriki wachache walirudi maabara mara nyingi kufanya mazoezi, na bado kutafuta T ya kijani kuliendelea kupanda kwa mstari. Kutokana na hapo Treisman na Gelade walijenga hoja yao kwamba rangi, umbo na mwelekeo husomwa kwa pamoja kwenye eneo lote la kuona, lakini kuviunganisha viwe kitu kimoja kunahitaji umakini uelekezwe mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Mafundi waliofuata waliongeza uangalifu wao, na mwingi hauonekani na asiyeutafuta. Kabla ya picha huonyeshwa alama ndogo ya kujumlisha katikati, ili macho yote yaanzie sehemu moja. Muda kati ya alama hiyo na picha mara nyingi hubadilishwabadilishwa, maana binadamu hushika mdundo upesi, na akishaushika huanza kubonyeza kabla hajaona. Nusu ya washiriki hujibu "ipo" kwa mkono wa kulia, nusu kwa wa kushoto. Makosa huhesabiwa kwa uzito uleule wa muda, kwa sababu mtu anaweza kuinunua kasi kwa makosa. Ukiona kundi limeharakisha, angalia kwanza kama halikukosea zaidi. Skrini ya kawaida inayochora picha mara 60 kwa sekunde hupisha karibu milisekunde 17 kati ya picha moja na inayofuata, na mtafiti anayepima mwinuko wa milisekunde 20 au 30 kwa kitu asipolijua hilo atapima tabia ya kioo akidhani anapima tabia ya mtu. Rangi zenyewe zinataka usawa wa mwangaza: kama nyekundu yako inang'aa kuliko kijani chako, mshiriki atatafuta mng'ao, wewe utaandika kwamba ametafuta rangi.

Hakuna sifa kubwa katika mambo hayo. Hayatajwi kwenye magazeti. Lakini kila moja ni mlango ambao jibu la uongo lingeweza kuingilia, na kuna mtu aliyekaa akaufikiria, akaufunga.

Jaribio lingine la Treisman, alilolichapisha na Janet Souther mwaka 1985, msomaji anaweza kulifanya sasa hivi kwa kalamu. Andika O nyingi kwenye karatasi na uweke Q moja kati yake. Kwenye karatasi nyingine andika Q nyingi, uweke O moja. Mpe mtu atafute. Herufi ni zilezile mbili, na tofauti kati yake ni ileile, kile kimkia. Lakini Q kati ya O inamrukia mtu usoni, ilhali O kati ya Q inamtoa jasho. Kuwapo kwa kitu kunaonekana upesi. Kukosekana kwake kunabidi kuhakikiwe pale na pale. Kugeuza pande tu, bila kuongeza wala kupunguza chochote, kulitosha kuonyesha kwamba jicho haliutendei usawa upande wa "kuna" na upande wa "hakuna". Nimeshawahi kuona majaribio yenye mitambo ya gharama kubwa yaliyosema machache kuliko haya.

Yeyote aliyewahi kuchambua mchele kwenye sinia anaijua sheria nyingine ya kazi hii. Jiwe jeusi halisumbui. Linalovunja jino ni lile jeupe, la ukubwa wa punje. John Duncan na Glyn Humphreys waliiweka hoja hiyo kwenye nadharia mwaka 1989: kutafuta huwa kugumu kadiri kinachotafutwa kinavyofanana na vinavyokizunguka, na kadiri vinavyokizunguka vinavyotofautiana vyenyewe kwa vyenyewe. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyohitaji maabara. Kufanana kwa jiwe na punje kila mpishi anakujua. Kwamba mchele uliochanganyika aina mbili tatu unaficha jiwe vizuri zaidi kuliko mchele wa aina moja, hilo halijitokezi hadi mtu ashike kimoja kisibadilike, abadilishe kingine, apime.

Sifa za ufundi huu zisifiche kwamba hitimisho la mwaka 1980 halikubaki lilivyokuwa. James Townsend alikuwa ameshaonyesha kwa hisabati kwamba akili inayofanya kazi nyingi kwa pamoja, ikiwa nguvu zake ni za kugawana, inaweza kutoa mstari unaopanda uleule. Mstari mnyoofu kwa hiyo hauthibitishi peke yake kwamba vitu vilipitiwa kimoja kimoja. Jeremy Wolfe na wenzake mwaka 1989 walionyesha kwamba kutafuta kwa kuunganisha sifa mbili kunaweza kuwa kwepesi kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu rangi na umbo humwongoza mtafutaji aende kwanza kwenye vitu vyenye matumaini. Mwaka 1998 Wolfe alikusanya takwimu za majaribio ya kubonyeza kama milioni moja kutoka maabara yake, akakuta kwamba miinuko haigawanyiki katika makundi mawili ya "rahisi" na "ngumu". Inafuatana, kidogo kidogo, bila pengo katikati. Treisman mwenyewe aliirekebisha nadharia yake zaidi ya mara moja. Kwangu mimi hilo linaupa ufundi wake heshima zaidi: vipimo vilikuwa safi kiasi kwamba waliompinga walivitumia vipimo vilevile.

Swali ambalo lilikuwa limelala ndani ya zile kadi nane za mwisho liliamka baadaye. Katika maabara, kinachotafutwa huwamo nusu ya mara zote. Ni desturi nzuri ya kitafiti, kwa sababu mshiriki hawezi kubahatisha. Lakini mtu anayekagua mizigo uwanja wa ndege haoni silaha kwenye nusu ya mabegi, na daktari anayesoma picha za matiti za wanawake wasio na dalili hukuta saratani katika picha chache sana kati ya kila elfu. Maisha yao ya kazi karibu yote ni kadi isiyo na T ya kijani. Je, mtu anayejibu "haipo" mchana kutwa anaendelea kutafuta vilevile?

Wolfe, Todd Horowitz na Naomi Kenner waliliuliza swali hilo katika makala ya mwaka 2005 kwenye jarida la Nature. Ukiangalia matokeo yake kwa haraka utaona namba tatu tu. Kinachotafutwa kilipokuwamo katika nusu ya picha, washiriki walikikosa asilimia 7 ya mara kilipokuwamo. Kilipokuwamo katika picha 10 kwa kila 100, walikikosa asilimia 16. Kilipokuwamo katika picha 1 kwa kila 100, walikikosa asilimia 30. Lakini piga hesabu ya subira iliyo nyuma ya namba ya tatu. Ukitaka kitu kitokee mara 20 tu, na kinatokea mara moja kwa mia, unahitaji kumkalisha mshiriki kwa picha 2,000. Nani aliye tayari kutengeneza picha 2,000 ili apate 20 zenye maana? Wengi wetu tungeongeza kiwango hadi asilimia 10, tuseme inatosha. Hapo tungeipata namba ya kati na tusijue ilivyo mbaya ile ya mwisho.

Muda nao ulisema. Kitu kilipokuwa adimu, majibu ya "haipo" yaliharakishwa hadi yakaja mapema kuliko muda ambao kwa kawaida ungehitajika kukipata kama kingekuwamo. Maelezo ya kwanza yakawa kwamba watu wanakata tamaa mapema. Wolfe na wenzake hawakuridhika nayo. Mwaka 2007 walitumia picha zinazofanana na za mizigo, wakajaribu dawa kadhaa, hata kumlazimisha mshiriki aende polepole. Haikutosha. Kilichobadilika hakikuwa mwendo peke yake. Kipimo cha ndani cha kusema "ndiyo" kilikuwa kimepanda, mtu akitaka ushahidi mwingi zaidi kabla ya kuamini kwamba ameona. Kilichosaidia ni vipindi vifupi vilivyopachikwa katikati ya kazi, ambamo kinachotafutwa kilikuwamo mara nyingi na mshiriki aliambiwa papo hapo kama amepata au amekosa.

Lakini hao walikuwa washiriki wa maabara, si madaktari. Kazi iliyofuata kwenye njia hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote kwa uvumilivu wake. Karla Evans, Robyn Birdwell na Wolfe, kwenye makala ya mwaka 2013, waliacha kumwita daktari maabara, wakalipeleka jaribio kazini kwake. Walichukua picha za matiti 100, nusu zikiwa na saratani iliyothibitishwa, wakazipenyeza moja moja katika kazi ya kawaida ya hospitali, miongoni mwa picha za wagonjwa wa kila siku, kwa muda wa miezi tisa. Polepole kiasi hicho, ili uadimu wa saratani usiharibike. Kisha picha zilezile 100 zikasomwa zikiwa bunda moja, nusu kwa nusu, kama Treisman na Gelade walivyozipanga kadi zao. Zilipokuwa kwenye bunda, madaktari walikosa saratani asilimia 12. Zilipotawanywa ndani ya miezi tisa ya kazi, walikosa asilimia 30.